Sema Kabla Hujainuka

Mwanangu Elia,

Najua barua hii umeikuta ndani ya kiatu chako kipya cha kushoto. Sikuhangaika kutafuta mahali pa kuiweka. Tangu viatu hivyo viingie nyumbani umevijaribu kila jioni. Unatembea navyo kutoka chumbani hadi sebuleni na kurudi, umeinamisha kichwa kama mtu aliyedondosha sindano, na nilijua hata leo hutalala kabla hujavivaa tena. Basi vivue, kaa kitandani, usome. Viatu havikimbii.

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Ya kwako naijua. Muda huu ninaoandika uko kwa kinyozi, na mama yako yuko ndani anafungua begi lako alilolifunga mchana, kwa sababu amekumbuka kitu na ameshasahau ni kitu gani. Mimi nimejibanza bandani, nimesogeza maranda pembeni ya meza ya kazi, na ukiona vumbi la mninga kwenye karatasi usilipulize kwa dharau. Hilo ndilo limekulea.

Ya soksi, ya chandarua, ya kutokula kila kinachouzwa dirishani mwa basi mpaka ufike Dodoma, mama yako ameyamaliza, na nikiongeza neno atasema namwingilia kazini. Mimi nimebakiwa na jambo moja tu. Wiki nzima nimejaribu kukwambia kwa mdomo, lakini kila nikianza unanitazama kwa ile sura ya kichungaji uliyoanza kuifanyia mazoezi, kichwa upande kidogo, mikono imeshikana, natamani kucheka, na ninaishia kukuuliza kama umekula.

Ni habari ya Bibi Kezia.

Nitaisimulia ilivyokuwa, maana wewe Jumapili ulikuwa mbele na mimi nilikuwa nyuma, na mambo hayaonekani sawasawa kutoka pande hizo mbili. Mchungaji alikupa kipaza sauti uongoze kipindi cha maombi kwa kuwa ni Jumapili yako ya mwisho nasi kabla ya chuo cha Biblia. Uliongoza vizuri. Mimi nilijisikia fahari mpaka nikawa nasahau kusema amina. Ukauliza nani atatuombea mvua, na Bibi Kezia, aliyekuwa kwenye benchi letu la mwisho, akasimama, akafumba macho, akaanza. Akamwambia Mungu kwamba mahindi yanakunja majani, kwamba watoto wanatazama juu, kwamba tunaomba atupe mvura.

Wewe kwenye kipaza sauti ukasema, "Mvua, bibi. Mvua."

Kanisa lote likacheka. Hata mimi nilianza, nikakikatisha kicheko kwa kukohoa. Bibi akafumbua macho, akasema amina katikati ya sala ambayo haikuwa imefika mwisho, akakaa. Wewe ukaendelea na wimbo. Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilikugusia, ukaniambia, "Baba, nilikuwa namsaidia tu," na mimi nikasema haya, kwa sababu jua lilikuwa kali na mama yako alikuwa ameshasema kuna kuku.

Halafu Jumatano, kwenye maombi ya nyumbani, ambako yeye ndiye hufunga kwa sala tangu ungali shule ya msingi, kiongozi akamwambia kama kawaida, "Bibi, tufungie." Akatikisa kichwa. Akasema, "Aombe mwenye Kiswahiri."

Hakusema kwa hasira, Elia. Alisema kama mtu anayempisha mwenzake kwenye kiti. Na ndiyo maana sikupata usingizi mzuri.

Sasa usiifunge barua ukidhani baba ameanza kugomba. Mimi sina sifa za kukugombeza, na ushahidi ninao. Unakumbuka siku ya kuweka wakfu kanisa letu? Ulikuwa darasa la nne, mmevalishwa mashati meupe na watoto wenzako wa shule ya Jumapili, mkakalishwa mbele kabisa. Tulipokuwa tunarudi ukaniuliza kwa nini nimefunga koti kiunoni, mikono ya koti imening'inia kama mkia wa ng'ombe. Nikakwambia ni joto. Ukaniuliza mbona watu wengine wanaosikia joto wanalibeba begani. Nikakwambia utaelewa ukikua. Umeshakua. Leo unapewa habari ya koti.

Mabenchi ya kanisa lile nilitengeneza mimi, hilo unalijua, nimelisema mara nyingi kuliko linavyostahili. Lakini sikuwahi kukueleza namna nilivyoyatengeneza. Ya mbele niliyapa mninga mtupu, ubao uliokauka vizuri, nikayawekea egemeo, nikapiga msasa mpaka unaweza kumlaza mtoto mchanga. Hayo yalikuwa ya wachungaji wageni, wazee wa kanisa na watu wa heshima. Ya katikati yalikuwa ya kawaida. Nilipofika la mwisho mbao zilikuwa zimekwisha, siku zimekwisha, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha. Nikaokota mabanzi, yale magamba ya gogo ambayo watu hujengea mabanda ya mbuzi, nikayaunga. Ubao ulikuwa umepasuka pembeni, kwa hiyo miguu yote niliisogeza karibu na katikati. Nikasema moyoni, nani atakaa hapa? Wanaochelewa. Kina mama wenye watoto wanaolia. Watasimama zaidi ya kukaa.

Kila nikilifikiria jambo hilo nakumbuka kwamba Bwana wetu naye alikulia kwenye nyumba ya seremala, na sidhani kama aliwahi kupigilia benchi la namna ile.

Basi siku za kuelekea sherehe nilikuwa nasoma ile habari ya wageni waliogombania viti vya mbele kwenye karamu, na Yesu akawaambia ni heri mtu akae nyuma, ili mwenye karamu akija amwambie rafiki yangu sogea huku mbele. Nikaipenda sana habari hiyo. Niliipenda kwa sababu mbaya. Watu wengine wanaisoma wanaona onyo, mimi niliona ramani. Nikajua kabisa kwamba siku ya wakfu mzee wa kanisa na fundi wa mabenchi akikaa mwisho kabisa, mshereheshaji atamwona, ataguswa, atamwita mbele ya umati na wageni wa kutoka Tabora. Nilianza kufanya mazoezi kwenye kile kioo cha mama yako. Nikiitwa, kwanza nitashtuka. Halafu nitakataa kwa mkono. Nikiitwa tena nitakataa kwa kichwa. Ya tatu ndipo nitainuka polepole, macho chini, nikifuta jasho kwa leso. Leso ilinunuliwa kwa kazi hiyo.

Mama yako alinikuta kwenye kioo. Akaniangalia, akaangalia leso. Akasema, "Baba Elia, wewe unakwenda kukaa nyuma kama mtu anayetega panya."

Nikamwambia hajui mambo ya kiroho.

Unajua wakati ule wazee wote tulikuwa na ugonjwa huo. Mzee Lazaro na mimi tuliwahi kukutana mlangoni mwa kanisa asubuhi ya mvua. Nikamwambia tangulia, mzee. Akasema hapana, tangulia wewe. Nikamwambia mimi ni nani nikutangulie. Akasema yeye ndiye si kitu. Tukaendelea hivyo, kila mmoja akijishusha chini ya mwenzake, mpaka mwalimu wa kwaya akatuambia kwa upole kwamba kwaya nzima iko nyuma yetu na sare zinalowa. Tukaingia pamoja, tukakwama mlangoni kwa mabega.

Siku yenyewe ikafika. Nikavaa suruali ya kijivu, nikaenda nyuma, nikakaa kwenye ncha ya lile benchi upande wa njia, ili nikiinuka nionekane vizuri. Waliokuwepo walinisogelea kwa salamu wakanipisha. Alikuwepo mama mmoja na mtoto mgongoni, alikuwepo mfugaji kijana aliyetoka Kasansa na fimbo yake, na ncha ya pili, upande wa ukuta, alikaa Bibi Kezia. Wakati ule ndiyo kwanza amehamia hapa kwetu Ilembo kwa mwanaye. Wazazi wake walimleta kutoka Burundi akiwa amebebwa, akalelewa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, akaolewa huko, akapata uraia wake pamoja na wenzake, na Kiswahili chake alikijifunza shambani kama mimi nilivyojifunza changu machungani.

Ibada ikaanza, na nikaanza kuona jambo la ajabu kwenye benchi lile. Kila mtu akitaka kusimama, hata kama ni kwenda kumtuliza mtoto nje, kwanza alikuwa ananong'ona, "Nainuka." Wenzake wanasogea katikati kimyakimya, wanashika ubao, ndipo yeye anasimama. Akirudi anasema, "Nakaa," nao wanatawanyika tena. Nikadhani ni namna yao ya kusali. Nikasema moyoni, tazama jinsi watu wadogo walivyo na ibada nzuri, wanamwarifu Mungu kila wanachofanya. Nikafikiri hata kulitaja kwenye hotuba yangu fupi, nitakapokuwa nimeitwa mbele.

Baada ya mahubiri mshereheshaji akachukua kipaza sauti. Akasema sasa ni wakati wa kumheshimu mtu mmoja aliyetoa kwa moyo, mtu asiyependa kujionyesha. Moyo wangu ukaanza kupiga. Akasema, "Mzee Shija, popote ulipo, tunakuomba mbele."

Elia, mazoezi yote ya kioo yalipotea. Sikushtuka. Sikukataa kwa mkono wala kwa kichwa. Niliruka kama swala.

Sasa mambo matatu yakatokea kwa pamoja na itabidi niyapange. La kwanza, msumari niliouacha umechomoza kwenye ubao wangu mwenyewe ukaishika suruali kwa nyuma, na suruali ikaamua kubaki. La pili, ncha yangu iliponyanyuka, ncha ya ukutani ikaenda chini, na Bibi Kezia akateleza akakaa sakafuni, na mama mwenye mtoto akamfuata, na fimbo ya yule kijana ikaanguka kwa kishindo kilichomfanya hata askofu ageuke. La tatu, nilipoinua macho nikaona mtu ameshaanza kutembea kwenda meza kuu kutoka mstari wa pili. Alikuwa Mzee Shija. Yule mwingine. Shija wa ng'ombe, aliyetoa fahali wa sherehe.

Sisi Wasukuma tuliohamia huku tumejaa kina Shija, kila aliyezaliwa baada ya mapacha ni Shija, na mimi katika hesabu zangu zote sikuwa nimekumbuka kwamba siko peke yangu.

Nikakaa haraka kuficha nyuma. Nikasahau kwamba benchi limelala upande, nikakaa sakafuni. Kwa hiyo tulikuwa chini pamoja, mimi na Bibi Kezia, tunatazamana chini ya benchi, na pale kwa mara ya kwanza nikaitazama vizuri miguu ya benchi pale nilipoiweka. Nikaelewa yote. Hawakuwa wanasali. Walikuwa wanazuiana kuanguka. Kwa wiki zote tulizokuwa tukisalia pale kabla ya wakfu, watu wale walijifunza kwamba kwenye ubao wa fundi Shija mtu akiinuka bila kusema, wa upande wa pili anaumia. Na hakuna aliyekuja kunilalamikia. Walitafuta tu neno la kuambiana.

Bibi akajifuta vumbi, akaangalia kama mtoto wa yule mama ni mzima, halafu akaniambia kwa sauti ndogo, "Baba Eria, hapa huwa mtu anasema kwanza."

Hivyo tu. Akachomoa pini kwenye kanga yake akanipa. Pini moja haikutosha, suruali ile ilikuwa na mambo makubwa kuliko pini, ndipo koti likaingia kazini. Kwa hiyo sherehe yote iliyobaki, nyimbo, zawadi, mnada, chakula, sikuweza kuinuka pale. Shija wa ng'ombe alivalishwa shuka la heshima, na nilimpigia makofi nimekaa, na watu wakaona nina kiburi. Chakula kilianzia meza kuu, na kilipotufikia kilikuwa ukoko na mchuzi. Tulikula sinia moja, watu wote wa benchi, na yule kijana wa Kasansa alinichagulia kipande cha nyama akakisukuma upande wangu. Nilikula, na nakwambia ukweli wa Mungu, ndicho chakula kilichonishibisha kuliko vyote nilivyowahi kula meza kuu. Baadaye nilijaribu kuifanya hiyo nayo kuwa ushuhuda. Mama yako akasema, "Ulikula ukoko kwa sababu ulichanika suruali."

Siku iliyofuata nilibeba mbao nzuri nikaenda kulitengeneza upya benchi lile. Nililipa mninga, miguu nikaipeleka kwenye ncha inakostahili, egemeo nikaweka. Na usifikiri kwamba nilikuwa nimeshapona. Kila nikisikia hatua nje nilikuwa naongeza sauti ya nyundo, ili apite mtu aone mzee wa kanisa anavyowatengenezea wanyonge benchi. Alipita kuku. Akasimama mlangoni, akanitazama, akaacha uchafu kwenye kizingiti, akaenda zake.

Halafu nilikwenda kwa Bibi Kezia kuomba radhi. Hapa ndipo nataka usome polepole. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri njia nzima, maneno ya mzee wa kanisa, yenye mwanzo na katikati na mwisho. Nikamkuta uani anapukuchua mahindi. Nikaanza, "Bibi, nimekuja mbele yako kama mtu asiyestahili." Akanyoosha mkono akanivutia kigoda, akasogeza kikapu cha magunzi katikati yetu, akanipa hindi. Nikapukuchua. Nikaona nimefika pazuri, nikaanza tena pale nilipoishia.

Akasema, "Pukuchua, Baba Eria. Nimesikia."

Tukapukuchua mpaka kikapu kikajaa. Akanieleza habari za binti yake aliyekuwa amejifungua. Nikamweleza habari zako, kwamba unapenda kusoma na hupendi kuchota maji. Hotuba yangu haikumalizika mpaka leo. Sijawahi kusamehewa vizuri namna ile.

Tangu hapo ndipo ninapokaa. Usinisifu, pale karibu na mlango kuna upepo, na mahubiri yakirefuka naweza kutazama barabara. Zamani nilikuwa nakaa nyuma nikisubiri kuitwa. Siku hizi mara nyingine nasahau kwamba ni nyuma. Na umeona jambo? Benchi lile sasa ni imara, hata ng'ombe anaweza kuinuka na lisitikisike, lakini watu wake bado wanasema. "Nainuka." "Haya, mama." "Nakaa." "Karibu." Watoto waliozaliwa baada ya wakfu wanasema hivyohivyo na hawajui kwa nini. Wageni wanadhani ni taratibu za dhehebu.

Nimewahi kujiuliza Bwana Yesu angekaa wapi siku ile ya sherehe. Zamani ningejibu upesi: nyuma, bila shaka. Siku hizi sijui. Nadhani angekaa popote penye nafasi, hata meza kuu kama wangemwekea kiti, na asingekuwa na shida na kiti hicho. Ila kabla ya kuinuka angetazama nani amekaa upande wa pili.

Hilo ndilo nililokuwa nalo, mwanangu, na nimezunguka nalo kama mbwa anayetafuta mahali pa kulala. Unakwenda kuinuka. Mimi nafurahi kwa hilo, tena sana, na sitaki uinuke kidogo kwa ajili ya kuniridhisha, wala ukajifunze kujikunyata na kusema mimi si kitu kama tulivyokuwa tukishindana na Mzee Lazaro. Mungu amekupa sauti, watu wanakusikiliza, vaa viatu vyako vizuri uende mbele. Lakini Jumapili uliinuka bila kusema, na ncha ya pili alikuwepo mtu.

Najua ulikuwa unamsaidia. Mimi pia nilikuwa nakaa nyuma tu.

Na hebu nikuchokoze kidogo kabla sijamaliza. Mimi baba yako hadi leo nasema halusi, nasema luhusa, na nikikasirika naweka l kila panapotakiwa r. Hujawahi kunisahihisha, hata tukiwa wawili. Unatazama pembeni, unavumilia. Basi heshima unayo, haikupotea, ilikuwa tu imezidiwa na kipaza sauti. Hata mimi nikishika kile chuma naanza kujisikia nimerefuka.

Tena kuna jambo umelisahau kwa kuwa ulikuwa mdogo. Bibi Kezia tangu ahamie hapa amekuita Eria. Ulikuwa ukimsikia anaita kutoka kwenye uzio wake, "Eria, njoo," unaacha mpira, unaacha wenzako, unakimbia na vumbi lako, kwa sababu ulijua mkono wake una karanga. Hukuwahi kumwambia, "Elia, bibi. Elia." Uliitika tu. Hukuwa na elimu ya Biblia wakati huo, lakini mambo mengine ulikuwa umeyaelewa vizuri.

Na kuhusu mvua, tuseme ukweli. Sisi tunaoitamka sawasawa tulikuwa tumeomba mwezi mzima, na mahindi yalikuwa yanakunja majani vilevile. Mungu hakuwa anasubiri mtu wa kumtafsiria. Lakini akinyamaza yule bibi, kanisa letu litaombewa na watu kama mimi, ambao tukifumba macho tunafumbua moja kuona nani anatutazama. Ndiyo maana nimesema nisipokwambia leo, basi lako litaondoka na sala yetu ya Jumatano itabaki bila mwenyewe.

Sitakwambia la kufanya. Umeshapita umri wa kuagizwa, na nikikuagiza utakwenda kwa sababu ya baba, nayo haitakuwa na ladha. Nakupa tu taarifa za safari. Basi linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Mama yako alitaka twende stendi na bodaboda, mimi nimekataa, nimesema nataka kunyoosha miguu na mwanangu kwa mara ya mwisho kabla hajawa mtu mkubwa. Amenitazama kama alivyonitazama kwenye kioo, lakini amekubali. Kwa hiyo tutatoka mapema, tutapita njia ya mashine ya kusaga. Ile nyumba yenye uzio wa mabua utaikuta mlango uko wazi, maana bibi akishaamka huwa hafungi, anawasha moto kwanza ndipo anafagia. Mavuno ya mwaka huu bado, lakini nadhani ana karanga za kubangua. Huwa hakosi kitu cha kumpa mtu mikononi.

Usiandae maneno. Ukiyaandaa atakupa kigoda.

Begi lako nitabeba mimi. Tukifika pale kwenye kona ya mashine nitalitua chini, nitainama nifunge kamba za viatu vyangu. Nitazifunga taratibu, kwanza cha kulia, halafu cha kushoto, sitainua kichwa kuangalia unakwenda wapi, na sitainuka mpaka utakaporudi.

Wewe mwenyewe unajua viatu vyangu havina kamba.

Baba yako,
Shija, yule wa mbao